Fundo la Isale

Kila mwaka, siku tano sita kabla ya Krismasi, Dar es Salaam hupungua uzito. Foleni ya Ubungo inalegea, duka la mtaani lenye dirisha la nondo linabaki na kufuli, na fundi wako wa simu anakujibu kwamba yuko Korogwe, mtandao unakatikakatika, mtafutane mwezi wa kwanza. Hapo ndipo watani wetu husema, "Wachaga wamekwenda kuhesabiwa."

Mimi nilipokuwa mdogo niliuamini utani huo. Nilidhani kweli kuna karani ameketi chini ya mti mahali fulani Kilimanjaro, na daftari kubwa mapajani, anaandika majina, na asiyetokea anafutwa. Nikamuuliza baba. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Karani yupo. Utamwona." Ulikuwa mwaka 1984. Nilikuwa na miaka tisa, na tangu nijue kutembea nilikuwa sijakanyaga kwa babu.

Nawasimulia safari hiyo, wanangu, kwa sababu wengi wenu siku hizi mnapelekwa nyumbani kama vifurushi. Mnalala ndani ya basi, mnaamka mmefika, mnauliza chaja iko wapi. Halafu mnarudi mjini mkisema kule hakuna kitu cha kufanya, ni migomba tu. Mimi nami nilidhani ni migomba tu, na kwa kudhani hivyo nikafanya jambo lililowatoa jasho watu wazima.

Tulikwenda kwa treni. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Wajerumani, nao waliijenga kwa ajili ya mazao ya walowezi wala si kwa ajili ya wajukuu. Mtu wa Dar es Salaam hakuweza kuipata moja kwa moja mpaka mwaka 1963, njia ya Tanga ilipounganishwa na Reli ya Kati pale Ruvu. Miaka ya tisini treni ya abiria ikafa, ikafufuka Desemba 2019. Kwa hiyo mkitaka kuonja nilichoonja mimi mnaweza, ingawa najua mtachagua basi.

Sisi tulikaa daraja la tatu, kwenye viti vya mbao. Baba alikuwa karani bandarini, na kwa miezi kadhaa alikuwa akidunduliza vitu ambavyo mwaka ule havikupatikana ila kwa foleni au kwa kujuana: sukari, miche ya sabuni, mafuta ya kupikia, doti mbili za khanga. Mama alilikalia gunia la sukari kama kuku anayeatamia. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, na ndiyo maana mimi sikujua Kichaga hata cha kuombea maji. Kila kituo usiku ule kilikuwa na taa za kandili na sauti za wauza machungwa, na kila nilipofumba macho mtu mwingine alinikanyaga akitafuta mahali pa kuweka jogoo wake.

Kulipopambazuka tulikuwa tumeshaipita Same. Upande wa kulia milima ya Upare ilitusindikiza, mikavu chini, ya kijani juu. Baba akanishika kidevu akakigeuza mbele. "Angalia mlima sasa, saa nne utakuwa umejifunika."

Nimeshauona mlima huo mara nyingi mno, na bado sina la kusema zaidi ya hili: ulikuwa juu kuliko mahali nilipokuwa nikiangalia. Nilitafuta kilele kati ya mawingu, kumbe kilikuwa juu ya mawingu. Chenye weupe ni Kibo, mita 5,895. Chenye meno yaliyovunjika ni Mawenzi, mita 5,149. Wazee husimulia kwamba hao walikuwa majirani, na kwamba Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto wake, kila siku anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Siku moja Kibo akachoka, akamshushia mchi, na ndiyo sura aliyobaki nayo mpaka leo. Wanajiolojia wana maelezo yao kuhusu volkano na mmomonyoko, nayo ni ya kweli. Ila kwa habari za majirani wanaogombana, shikeni ile ya wazee, tutaihitaji.

Kutoka Moshi tulipanda gari mpaka njia panda ya Himo, halafu tukaiacha tambarare na kuanza kupanda kwenda Marangu. Hewa ilibadilika kila tulipokata kona. Chini kulikuwa na vumbi na mahindi. Juu zaidi ikaanza migomba, kwanza mmoja mmoja, kisha mingi, kisha migomba tu na barabara katikati kama mfereji. Sikuona kijiji. Nilisubiri kuona kijiji, na baba akasema tumo ndani yake tangu muda mrefu.

Hilo ndilo la kwanza la kuelewa. Kwetu nyumba hazikai pamoja. Kila familia imekaa katikati ya kihamba chake, na vihamba vimegusana, hivyo ukipita barabarani unaona msitu, kumbe unatembea mlangoni kwa watu mia. Kihamba ni shamba, lakini ukimwambia mzee kwamba hilo ni shamba lake atakusahihisha. Shamba liko chini tambarare, hupandwa mahindi na maharage, na mtu hulala kwingine. Kihamba ndipo unapolala, na ndipo utakapolazwa ukifa. Kwa babu, kaburi la baba yake lilikuwa hatua kama ishirini kutoka jikoni, chini ya mgomba, na Bibi alikuwa akilipita akienda kutafuta kuni na kulisalimia kama mtu anavyosalimia jirani aliyeketi barazani.

Kila kitu kilipandwa juu ya kingine. Juu kabisa miti mirefu ya kivuli na mbao. Chini yake migomba. Chini ya migomba, mibuni. Chini ya mibuni, magimbi na mboga. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Babu alikuwa ameshatangulia. Nadhani angeuliza kama watu hao wamekuja na mbolea.

Nilipoamka asubuhi ya kwanza kulikuwa na ukungu mlangoni na baridi ambayo sikuwa nimewahi kuivaa. Nikamkuta Bibi ameshakamua, ameshawasha moto, na sasa amevaa ngata kichwani, mundu mkononi. Anakwenda kukata majani. Nikamfuata.

Ng'ombe wa kwetu hatoki. Anakaa bandani mwaka mzima kama mfalme, kwa sababu mlimani hakuna nafasi ya kumtembeza bila kula mali ya mtu. Basi kama yeye haendi kwenye majani, majani lazima yamjie, na yanakuja juu ya kichwa cha mwanamke. Tuliteremka bondeni, Bibi akakata mabingobingo na majani mengine ambayo majina yake nimeyajua ukubwani, akafunga mzigo mkubwa kuliko yeye, akanifungia na mimi kamzigo. Kabla sijafika juu nilikuwa nimeshaupumzisha mara nne. Yeye alisimama mara moja tu, kunisubiri.

Ng'ombe anakula majani, na mgomba uliokwisha kuzaa anakatiwakatiwa anatafuna, maji yake mengi humsaidia asione kiu. Samadi yake inazolewa inapelekwa kwenye mashina ya migomba. Mgomba unatoa ndizi kwa watu na maganda kwa mbuzi. Ukikaa ukiangalia siku nzima unaona kitu kimoja tu kinazunguka mle kihambani, kinabadilisha sura, na kinachokisukuma ni mgongo wa bibi. Sisi wa mjini tulikuja kupumzika. Yeye hakuwa na siku ya kupumzika hata ile ya Krismasi yenyewe, maana ng'ombe hajui kalenda. Sijui kwa nini jambo hili huwa halisemwi katika hotuba za kusifu nyumbani.

Nikamuuliza baba kwa nini sisi hatukai hapa. Akanieleza kwa vidole vitatu. Baba akiwa na wana, wa kwanza hutafutiwa kihamba chake mapema. Wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, awatunze, arithi. Kisha akakiinua kidole cha kati. "Mimi huyu." Wa katikati alipewa kilichobaki kama kilibaki, na ardhi ya mlimani ilikuwa imekwisha kugawanywa mpaka vihamba vingine ukikohoa jirani anakupa pole. Wa katikati, basi, walipewa shule. Ada ilitoka kwenye kahawa. Wamisionari waliileta mlimani mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji walipoanza kuipanda kwa wingi walowezi hawakufurahi hata kidogo; mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kujitetea, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama cha Ushirika cha KNCU. Kwa hiyo mkisikia Mchaga amejaa Kariakoo, au Mwanza, au Mbeya, jueni huenda ni kidole cha kati.

Nikamuuliza pia, na wasichana je? Baba akaangalia pembeni. Binti alitazamiwa kuolewa akapate kihamba kwa mumewe. Mimi sikuridhika na jibu hilo nikiwa na miaka tisa, na sijaridhika nalo leo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Sheria ipo. Vikao vya ukoo navyo vipo, na nimeshakaa kwenye vitatu.

Sasa tuje kwenye maji.

Katikati ya kihamba cha babu kulikuwa na mfereji mwembamba ambao mtoto angeweza kuuruka. Unaitwa mfongo. Juu huko, karibu na msitu, wazee wa zamani waliukinga mto, wakachimba njia ya maji ikizunguka ubavu wa mlima bila pampu wala ramani, inashuka kidogo kidogo, inaingia kihamba hiki, inatoka, inaingia kile. Watu wengi hudhani maji hayo ni barafu ya Kibo inayoyeyuka. Sehemu kubwa ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Barafu yenyewe inakwisha. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 haipo tena. Ukitaka kuulinda mfongo, linda miti.

Mfongo una wenyewe, na maji yana zamu. Leo asubuhi kwako, mchana kwangu, usiku kwa yule. Kufungulia kwako unatoa kizibo cha udongo na kipande cha shina la mgomba. Zamu ikiisha unakirudisha. Ni jambo la dakika moja, na limevunja undugu mwingi kuliko mahari.

Ng'ambo ya mfongo aliishi mzee mmoja, rika la babu, walitahiriwa mwaka mmoja. Sisi watoto tulimwita Babu wa Ng'ambo. Nilimwona akipita na fimbo, nikamwamkia "shikamoo," akaitikia "marahaba" vizuri kabisa. Lakini alipofika usawa wa babu aliyekuwa akipalilia, wote wawili waligundua kwa pamoja kwamba kuna kitu cha kuangalia angani. Binamu yangu akanieleza kwa kunong'ona. Miaka mitatu nyuma, kwenye kiangazi, mtu alifungua kizibo usiku. Babu alisema ni yule, yule akasema ni babu. Kahawa ya wote wawili ilikauka. Tangu siku hiyo hawakuwa wameketi kibao kimoja, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza.

Nilisikia, nikasahau. Nilikuwa na mambo yangu. Mpakani, kando ya mfongo, na kuzunguka kaburi la baba wa babu, kulikuwa na mimea ya majani marefu, mororo, ya kijani inayong'aa, isiyofanana na kitu kingine. Mjini ningesema ni maua ya bustani. Niliyakata kadhaa. Jani lile halikatiki upesi ukilipinda, linakubali kufungwa fundo zuri katikati, likabaki na masikio mawili kama sungura. Nikatengeneza sungura sita. Wanne niliwapa binamu zangu wadogo, mmoja nikambakiza. Wa sita nilikuwa naye mkononi pale Babu wa Ng'ambo alipotokea kwenye kichochoro.

Mama alinifundisha kwamba mkubwa hupewa kitu kwa mikono miwili na kwa kupiga goti. Nikapiga goti. Nikampa sungura.

Yule mzee alisimama kama aliyeitwa jina na sauti asiyoitarajia. Aliliangalia jani, akaniangalia, akaliangalia tena fundo. Akauliza kwa Kiswahili cha polepole, "Nani amekutuma?"

Nami, kwa kuwa hapo nyuma Bibi alikuwa amenituma kwa jirani mwingine kurudisha chungio, nikajibu, "Natoka kwa babu."

Alilipokea kwa mikono miwili. Akageuka, akaondoka bila fimbo yake. Nikaiokota nikaiegemeza kwenye mgomba.

Mnajua nilichokuwa nimefanya? Mmea ule ni isale. Kwa Wachaga ni mpaka: ulipopandwa, ardhi ya mtu ndiyo inapoishia, na anayeung'oa amegusa kitu kizito. Na ni msamaha. Mtu akimkosea mwenzake kosa kubwa, huchuma jani la isale, hulifunga fundo, humpelekea au humtuma mtu. Hatamki maneno mengi. Jani ndilo linalosema, na aliyeletewa, hata awe na hasira ya kuchemsha maharage, ni vigumu mno kulikataa. Kulikataa isale ni kujitenga na watu. Nilikuwa nimepeleka ombi la msamaha ambalo mwenye nyumba hakuliomba, kwa mtu ambaye mwenye nyumba aliamini ndiye mwizi.

Nilikuja kulijua hilo siku mbili baadaye. Katikati yake kulikuwa na pilikapilika. Baba zangu wakubwa na wadogo na mashangazi walikuwa wakiingia kutoka Arusha, Tanga, Mwanza, kila mmoja na gunia lake na kelele zake. Bibi alikuwa ameianza mbege tangu juma lililopita: ndizi zilizoiva zimechemshwa kwa muda mrefu, zikaachwa zichachuke, zikachujwa, na sasa ukaongezwa ulezi uliooteshwa na kusagwa, na gome la msesewa linalotia ule uchungu. Harufu yake ilifika mpaka barabarani. Watoto hatukupewa. Tulipewa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, na tulikula mpaka tukashindwa kucheza.

Na jioni, hapo jikoni, nikamwona karani.

Bibi aliketi kwenye kigoda, mkungu wa mchare mbele yake, kisu kidogo mkononi. Alikuwa akimenya ndizi za mtori wa kesho na midomo yake inatembea. Kila mtu ndizi nne. Alimtaja mwanawe wa kwanza, akamenya nne. Mke wake, nne. Watoto wao, mmoja mmoja kwa jina la ubatizo na la nyumbani. Akafika kwa baba, kwa mama, kwangu. Alipomfikia baba mdogo mmoja ambaye alikuwa hajaandika barua kwa miaka miwili, kisu kilisimama kidogo. Kisha akamenya nne.

Asubuhi ya Krismasi tulikwenda kanisani, tukarudi, beberu akachinjwa. Wageni wa mjini hudhani kuchinja ni kwa ajili ya kula. Sehemu ngumu ni kugawa. Nyama iliwekwa juu ya majani ya migomba, wazee wakasimama, na babu akakata akitaja, maana kila kipande kina mwenyewe: cha mkubwa wa ukoo, cha mashangazi, cha mama wa nyumba, cha wakwe, cha majirani wa huku na wa kule. Taratibu zinatofautiana ukoo na ukoo, lakini hakuna ukoo unaogawa bila utaratibu. Ukinyimwa kipande chako hujanyimwa nyama. Umeambiwa kitu, mbele za watu. Kwa miaka mitatu kipande cha ng'ambo ya mfongo hakikuwa kimekatwa, na watu wote pale waliijua hesabu hiyo.

Babu alikuwa amefika katikati ya kazi mbwa alipobweka. Babu wa Ng'ambo alikuwa amesimama mlangoni mwa kihamba, amevaa koti lake la kanisani. Nyuma yake mjukuu wake amebeba mtungi wa mbege. Mkononi mwake alikuwa na sungura wangu, ameanza kusinyaa masikio.

Ukimya ule nausikia mpaka leo. Mashangazi waliacha kuosha matumbo.

"Jani lako limenifika," akasema. "Sikutaka Krismasi ipite."

Babu aliliangalia jani. Akaliangalia muda mrefu. Halafu macho yake yakatoka kwenye jani, yakashuka taratibu, yakapita kwa wanawe, yakapita kwa wajukuu, yakafika kwa kabinti kamoja ka mjini kalikokuwa kameshika sungura wa tano nyuma ya mgongo na sikio lake limechomoza. Nilitamani ardhi ifunguke. Baba alikuwa ameelewa pia. Niliona shingo yake ikivimba kwa kuzuia kicheko au kilio, sikuweza kujua.

Fikirini hapo babu alikuwa na njia gani. Kusema "si langu" kungekuwa kumwaibisha mwenzake mbele ya koo mbili, na isale likishapokewa halirudishwi kama barua iliyokosea anwani. Kusema "ni langu" kungekuwa kukubali kwamba yeye ndiye aliyefungua kizibo usiku ule. Hata leo sijui nani alikifungua. Nilipomuuliza baba ukubwani alisema anadhani ni panya fuko.

Babu aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye jani la mgomba, kidole kimoja kimoja. Akasema neno moja tu, "Aika." Ndiyo ahsante yetu.

Mbege ikamiminwa kwenye kata. Aliyeileta akaonja kwanza, kama inavyotakiwa, anayepokea aone haina kitu. Akampa babu. Babu akanywa, akarudisha, na wote wawili wakagundua tena kwamba kuna kitu cha kuangalia angani, ila mara hii walikuwa wameketi kibao kimoja. Kisha babu akainuka, akakichukua kisu, akakata pale palipokuwa pamerukwa miaka mitatu, na akataja jina.

Mimi niliitwa usiku. Nilijua naitwa kuchapwa. Babu alinionyesha isale la mpakani, pale nilipokata, akanifundisha jina lake kwa Kichaga na kwa Kiswahili, na kunionyesha jinsi ya kulikata bila kuumiza shina, na siku ya kulikata, na ya kutolikata. Alinitaka nirudie mpaka nishike. Halafu akaomba yule sungura wa tano, akamtia mfukoni.

Nikapita jikoni kwenda kulala. Bibi alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, anamenya za kesho, midomo inatembea. Nikasimama mlangoni nikisikiliza majina. Aliwamaliza wa Arusha, akawamaliza wa Tanga, akatutaja sisi, akamtaja yule asiyeandika barua. Nikadhani amemaliza, maana aliziweka ndizi majini. Akanyoosha mkono kwenye mkungu, akamtaja Babu wa Ng'ambo kwa jina lake la utotoni, na akamenya nyingine nne.